Kikombe Kimelala

Kinzi cha kwanza kilikufa chini ya sindano ya cherehani, kwenye pindo la shuka jeupe la nyumba ya wageni. Mama Mashuka alizuia gurudumu kwa kiganja, akainua mguu wa cherehani, akakipangusa kwa ukucha. Kikaacha doa la kijivu lisilozidi kichwa cha pini. Akatia mate kidoleni, akasugua, doa likapanuka. Akasonya, akalikunja shuka doa likiwa ndani, akalitia chini kabisa ya furushi, mahali ambapo mtunza stoo wa nyumba ya wageni hafiki kwa uvivu wake.

Jina hilo la Mama Mashuka hakujipa. Alipewa na majirani wa ghorofa ile, na hawakumpa kwa kazi ya kushona peke yake. Mwaka mzima aliomuuguza mama mkwe wake, kamba ya roshani yake haikupata kupumzika. Kila kukicha kulikuwa na mashuka yanadondosha maji juu ya vichwa vya wapita njia. Mtu akiuliza kwa fundi ni wapi, aliambiwa inua macho, pale penye mashuka. Sasa mama mkwe alikuwa ameshazikwa, na kambani kulikuwa na soksi tu.

Kinzi cha pili kilitua kwenye chai yake, cha tatu kikamwingia puani. Akaangalia vinakotoka. Vilikuwa vinatoka kwenye maua ya marehemu, yaliyopangwa chini ya dirisha la sebule: mrehani kwenye kopo la rangi, mshubiri kwenye sufuria iliyotobolewa kitako, waridi ambalo halikuwahi kuchanua tangu lihamie ghorofani, na mmea mmoja wenye majani mapana, kwenye chungu cha udongo, ambao hakuna aliyeujua jina. Marehemu aliuita Mwenzangu. Alipohamishwa kutoka nyumba yake ya zamani aje akae na mwanawe, alikuja na mfuko mmoja wa nguo na magunia matatu ya udongo wa uani kwake, na wapagazi walinung'unika ngazi zote.

Vilikuwa vinzi vyembamba, vyeusi, vyenye miguu mirefu kuliko haja. Haviumi, haviimbi kama mbu. Kazi yao ni kuelea mbele ya uso wa mtu kama vinataka kusema jambo, kisha vinaghairi. Mchana kutwa vilitembeatembea juu ya udongo uliolowa. Jua lilipoinama viliondoka vyote kwa pamoja, vikafuata ukumbi, vikaingia chumba cha nyuma, vikalala kitandani.

Vililala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya shavu. Hata kile kidole cha mguu cha marehemu kilichopanda kingine kilikuwapo. Mume wa Mama Mashuka, msimamizi wa ghala la saruji, alirudi kazini jioni ile na vumbi kwenye nyusi, akapita chumba cha nyuma kama alivyozoea, akasimama mlangoni.

"Mama amerudi," alisema.

"Nimemwona," mkewe akajibu kutoka jikoni.

"Amekonda."

"Ni vinzi hivyo. Ulitaka vinenepe?"

Mume akaenda kunawa. Walipokaa kula, sauti ilianza kule nyuma, sauti ya mabawa mengi madogo, mmmm ndefu isiyopanda wala kushuka. Aliyetega sikio vizuri aliisikia inasema maji. Mume akanyoosha mkono akaongeza redio.

Hapo lazima jambo moja lisemwe, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Maneno yaliyomuua mama mkwe, kama ni maneno yaliyomuua, yalikuwa ya kwake mwenyewe. Mwanawe huyu wa saruji alikuwa kikojozi mkubwa utotoni, mpaka alipoanza shule. Mama yake hakumchapa wala hakumwaibisha. Alichofanya ni kuficha kikombe kila jua likizama, kikombe cha bati cha rangi ya bluu, na mtoto akiomba maji alimwambia, "Kikombe kimelala, baba. Tukikiamsha kitalia." Mtoto alikubali. Alipokuwa mtu mzima aliisimulia hadithi hiyo kwa mkewe wiki ya kwanza ya ndoa, na wote wawili wakacheka sana.

Basi miaka ikageuka. Mama akawa wa kitandani, shuka likawa linalowa. Jioni moja aliomba maji, na mwanawe akaitazama mikono ya mkewe iliyokunjamana kwa sabuni, akasema kwa utani, "Kikombe kimelala, mama." Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Siku ya pili yake yalisemwa tena, akatabasamu. Siku ya tatu hakuna aliyecheka, lakini maneno yalikuwa yameshapata kazi nyumbani mle. Kuanzia hapo, jua likiinama, kikombe kilipanda juu ya kabati na hakikushuka mpaka asubuhi. Mashuka yakapungua kambani. Hakuna aliyeuita ukatili. Waliuita utaratibu.

Wifi, dada yake huyo mume, alikuwa na sehemu yake. Alikuwa anakuja Jumapili na mkoba mkubwa na maneno. Zamani, Mama Mashuka alipomlalamikia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba angalau angechukua zamu moja kwa wiki, wifi alimshika bega kwa upendo akamwambia, "Maji ya jioni ndiyo yanayokuua, wifi yangu. Mnyimeni tu." Kisha akavaa viatu akaondoka.

Jumapili hii ya vinzi, wifi alifika, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akaunyoosha mto.

"Shikamoo, mama."

Vinzi vikanyanyuka kidogo juu ya godoro, vikatua tena.

"Anaitikia," wifi alisema aliporudi sebuleni. "Lakini wifi, nyumba yako ina wadudu."

"Ni mama yako huyo."

"Najua ni mama. Hata hivyo, utatafuta dawa. Wageni watasemaje?"

Mama Mashuka angeviacha. Vilimharibia shuka moja moja, ni kweli, na jirani wa juu alilalamika kwamba marehemu anapita kwenye bomba na kumwangalia akioga, lakini mtu huzoea. Kilichomfanya asiviache ni simu ya kaka yake.

"Dada, mama hawezi kukaa hapa tena," kaka alisema. "Mke wangu amechoka."

"Amechoka na nini?"

"Na mashuka."

Mama Mashuka alikaa kwenye kiti cha cherehani. Mama yake mzazi alikuwa kwa kaka huyo tangu miguu imwishe nguvu, na kila alipompigia simu mama alisema hajambo, anashukuru, wanamtunza vizuri.

"Jioni mnampa maji?" aliuliza.

"Nani?"

"Mama. Jioni akiomba maji, mnampa?"

Mama Mashuka akasikia televisheni ya kule. "Mambo hayo anayajua mke wangu," alisema mwishowe.

Wakakubaliana mama aletwe mwisho wa mwezi. Mama Mashuka aliweka simu chini. Alisema kwa sauti, ingawa sebuleni hamkuwa na mtu ila maua, kwamba mama yake hatalala na kiu ndani ya nyumba hii hata siku moja. Alisema na kuapa. Kisha akakumbuka kwamba kitanda cha kumlaza ni kile kile, na kina mtu.

Mwisho wa mtaa wao kulikuwa na muuza miche, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, aliyeuza vichipukizi kwenye mifuko ya maziwa. Mama Mashuka alimweleza. Alimsikiliza huku anang'oa magugu.

"Mnamwagilia mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki."

"Uongo," alisema, bila ubaya. "Vinzi hivi haviishi pakavu. Vinataka udongo wa juu ulowe saa zote, uwe unaozaoza. Humo ndimo vinamotaga, na watoto wao wanakula uozo na mizizi. Ukiona vinzi ndani ya nyumba, ujue kuna mkono wenye huruma kupita kiasi."

Akamwonyesha kadi za njano zenye gundi, za kuchomeka kando ya mmea ili vinavyoruka vinase. Akamwambia akate kiazi mbichi, alaze kipande juu ya udongo, asubuhi akigeuze, atawakuta watoto wao wamekipanda, awatupe. Aweke mchanga mkavu juu ya udongo. Atie kidole mpaka kwenye pingili ya pili, na kikitoka na unyevu asimwagilie hata tone.

"Lakini kubwa kuliko yote ni kiu," alisema. "Uache udongo upate kiu mpaka upasuke. Watoto wakikosa maji wanakufa. Wakubwa maisha yao mafupi. Mchezo umekwisha."

"Vya kwangu vinalala kitandani," Mama Mashuka akasema. "Ni mama mkwe."

Muuza miche alikung'uta mikono. "Alikufa na kiu?"

"Alikuwa mzee."

"Sikuuliza umri."

Mama Mashuka aliangalia mifuko ya maziwa. Muuza miche hakusubiri jibu, akamfungia kadi kwenye gazeti. "Dawa ni ile ile," alisema. "Tofauti ni kwamba vya kwako vitaomba."

Alizichomeka kadi siku ile ile. Kesho yake zilikuwa zimejaa, na vinzi vilikuwa vimenasa kwa mpango: kila kadi ilikuwa na mdomo mmoja, wa mtu mzima, umefunguka kidogo. Ule wa kwenye mrehani ulikuwa na pengo mbele. Mume alizitazama kadi wakati anafunga kamba za viatu.

"Hilo pengo alilipata akifungua chupa ya dawa yangu," alisema. "Nilikuwa na degedege." Kisha akaenda kazini.

Vipande vya viazi navyo vilifanya kazi. Asubuhi Mama Mashuka aliwakuta chini yake watoto wa vinzi, weupe, wembamba kama uzi, wenye kichwa cheusi, wanajinyonganyonga. Aliwamwagia maji yanayochemka kwenye karai. Lakini alipotia kidole kwenye chungu cha Mwenzangu, kilizama kama kwenye uji. Kwa hesabu yake, hakuwa amemwagilia tangu siku ya kadi. Akatia kwenye waridi, matope. Kwenye mshubiri, mmea ambao ungeweza kuishi jangwani, matope.

Jioni hakuwasha taa. Alikaa nyuma ya cherehani, furushi la mashuka mbele yake, akangoja. Mume aliingia, akavua viatu mlangoni, akaenda kwenye sinki. Tangu zamani alikuwa akirudi na koo kavu kwa vumbi la saruji, na glasi ya kwanza aliinywa wima, kichwa nyuma, mpaka mwisho. Aliinywa hivyo hata siku zile ambapo mama yake alikuwa anamwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Leo aliinywa nusu. Akanyata kwa soksi mpaka dirishani.

"Unafanya nini?" mkewe akauliza.

Mume hakushtuka. "Nakunywa maji."

"Wewe na chungu?"

Akaitazama glasi. "Nusu yangu, nusu yake."

Jumapili, wifi alipokwenda dirishani kusifia maua, mkoba wake uliacha kidimbwi sakafuni. Mlikuwa na chupa ya maji humo, na haikuwa na kifuniko kwa haraka aliyokuwa nayo. Aliulizwa, akalia kidogo, akasema ni kidogo tu, na ni Jumapili tu. Mama Mashuka aliwapa maneno yao wote wawili. Aliwaambia wanamwaga wasichoweza kuzoa, na maji yakimwagika hayazoleki. Ila wakati anasema ndipo alipojikumbuka mwenyewe: kila alfajiri, kabla hajafunua cherehani, alipita na birika akatia funda moja kila chungu, akiwa na usingizi, na hakuwahi kukuhesabu huko kuwa ni kumwagilia. Mara moja kwa wiki ndiyo ilikuwa zamu. Haya mengine yalikuwa mkono tu. Akalileta birika, akaliweka mbele yao.

"Kwa hiyo tunamnyima tena," mume alisema.

"Tunaunyima udongo. Mama yangu anakuja, alale wapi? Juu ya mama yako?"

Wakakubaliana. Glasi, chupa na birika vikae mbali na dirisha.

Udongo ulianza kukauka kwa juu, ukabadilika rangi. Mama Mashuka alitandaza mchanga kama alivyoambiwa. Kila jioni vilivyokwenda kulala vilikuwa vichache. Mama mkwe alipungua kama alivyopungua alipokuwa hai, kuanzia miguuni. Kile kidole kilichopandana kikaondoka, yakafuata magoti, nyonga ikawa tundu ambalo kupitia kwake ulionekana mstari wa godoro. Na kweli aliomba. Aliomba wakati wa chakula, wakati wa redio, wakati Mama Mashuka anapiga pasi. Mwanzo aliomba maji. Baadaye, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua, alianza kuuliza tu.

"Kikombe kimelala?"

"Kimelala, mama," mume alijibu kutoka sebuleni, kwa mazoea. Kisha akaacha kutafuna. Chakula alikisukuma pembeni, na tangu siku hiyo akawa anainywa glasi yake nje, kwenye ngazi, mlango ukiwa umefungwa.

Ilipobaki siku moja mama yake aletwe, Mama Mashuka aliingia chumba cha nyuma na shuka jipya, zuri, alilojishonea mwenyewe kwa kitambaa cha nyumba ya wageni. Kwenye mto wa kulalia palikuwa na konzi moja tu ya vinzi. Vilifanya midomo, na vidole vitatu vilivyoning'inia ukingoni mwa kitanda, basi. Havikuomba. Midomo ilikuwa imefunguka, vidole vinaelekea chini, pale ambapo zamani palikuwa na chungu cha Mwenzangu.

Alijua vinatafuta nini. Asubuhi ile ya msiba yeye ndiye aliyeingia kwanza, na chai mkononi. Mama mkwe alikuwa kwa ubavu wake wa kushoto, amekwisha poa, mkono umening'inia, vidole viko ndani ya kisahani kilichokuwa chini ya chungu. Kisahani kilikuwa kikavu, kimekombwa. Midomo ilikuwa na udongo, na meno yalikuwa na udongo, na kwenye chungu mlikuwa na kitobo ambacho mtu alikichimba kwa kidole kutafuta unyevu. Mama Mashuka aliweka chai chini. Akachukua pembe ya shuka, akaitia mate, akampangusa mdomo vizuri, ndani na nje, akamsafisha na kucha. Akakifukia kitobo. Ndipo akamwita mume wake. Hakumwambia yeye wala mtu mwingine, na tangu siku hiyo aliona haya kupita karibu na chungu kile bila kukitilia chochote.

Sasa alisimama na shuka lake jipya, na roho ikamuuma, ikamuuma kweli. Akaburuta kiti, akakitoa kikombe cha bati juu ya kabati, akakipuliza vumbi. Alikijaza bombani. Alimimina kwenye chungu cha Mwenzangu, udongo uliopasuka ukanywa kwa sauti, akarudi akajaza tena, akamimina kwenye mrehani, kwenye waridi, hata kwenye mshubiri. Alipogeuka alimkuta mume wake amesimama na glasi, na hakuwa ameigusa. Akampisha. Usiku ule walilala usingizi mzuri kuliko walioupata tangu msiba.

Mama yake aliletwa kwa teksi, na kaka yake hakupanda juu, alisema ana haraka. Dereva na mume walimbeba kwa kiti ngazi zote. Alikuwa mwepesi. Alipofikishwa chumba cha nyuma jua lilikuwa linaingia, na kitanda kilikuwa na mtu mzima mzima, kuanzia kisogo mpaka vidole.

"Kuna mwenyewe hapa," mama yake alisema.

"Ni mama mkwe, mama."

"Si mlimzika?"

"Tulimzika."

Mama yake akatafakari. "Kitanda kinatosha," alisema. "Wote tumekwisha. Mwambieni asogee kidogo."

Vinzi vilisogea upande wa ukuta. Mama alilazwa, akafunikwa shuka jipya, na muda si mrefu zikasikika sauti mbili zinazungumza chini chini, moja ya mabawa. Mama Mashuka alimletea maji kwa kile kikombe cha bluu. Mama yake aliyanywa yote, akashikilia kikombe tumboni.

"Huyu mwenzangu ananiambia hapa mtu anywe mchana," alisema.

"Anakutania, mama."

"Nilidhani hivyo."

Na Mama Mashuka alitimiza kiapo chake. Mama aliomba asubuhi, akapewa. Aliomba magharibi, akapewa, na kabla ya kulala, akapewa, na kikombe kikashinda kwenye stuli karibu na mkono wake. Mama yake alinenepa uso. Alikuwa anasema ahsante mwanangu kila mara, mpaka binti akamwambia aache, maji hayashukuriwi.

Kila asubuhi shuka lilikuwa limelowa. Kila asubuhi, kabla ya cherehani, Mama Mashuka alimgeuza mama yake, akamvua, akamwosha, akalivuta shuka, akalivuta na la chini yake, akaburuta godoro mpaka roshani. Mikono ilikunjamana tena. Mashuka ya nyumba ya wageni yalichelewa, na mtunza stoo alisema kwa upole kwamba kuna fundi mwingine mtaa wa pili ambaye hana wagonjwa. Majirani walianza tena kuelekeza watu kwa kuinua kidole. Wifi alikuja Jumapili, akamwagilia maua yake bila kujificha, kisha akaenda kusimama roshani.

"Wanasema damu nzito kuliko maji," alisema. "Mimi naona maji ndiyo mazito. Tazama kamba yako."

Hakuna aliyemshauri Mama Mashuka lolote, na hilo alilikumbuka vizuri baadaye, alipotafuta wa kumtupia lawama.

Ilikuwa jioni ya kawaida. Mchana mvua ilikuwa imenyesha, mashuka hayakukauka, na kabatini hakukuwa na lingine safi ila yale meupe ya furushi, ambayo hayakuwa yake. Aliingia chumba cha nyuma kufunga dirisha. Vinzi vilikuwa vimeshalala upande wao wa ukutani, vimenona, vinang'aa. Kikombe kilikuwa kitupu kwenye stuli. Alikichukua. Alikwenda nacho mpaka ukumbini, akavuta kiti, akakiweka juu ya kabati, akashuka, akarudisha kiti mahali pake.

"Mwanangu," mama yake aliita. "Nipe maji kidogo."

Mama Mashuka alisimama katikati ya ukumbi. Sebuleni mume wake alizima redio.

"Kikombe kimelala, mama," alisema.

Vinzi vya chumba cha nyuma vilinyamaza, na ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza saa hizo. Mama Mashuka alikwenda jikoni akanawa uso. Kisha akajaza birika kubwa, akapita nalo dirishani, akaanza kumwagilia maua. Alianza na Mwenzangu. Alimimina polepole, kwa moyo wake wote, maji yakagugumia yakishuka kwenye udongo, yakatokeza chini, yakajaza kisahani mpaka ukingoni.

"Mwanangu," mama yake aliita tena kule nyuma. "Nani huyo anakunywa?"

"Maua, mama."

"Haya," mama yake alisema. "Yaache yanywe."